Juu ya Kustahi Kazi ya Seremala

Watu wengi husifu samani nzuri za mbao, na wachache katika hao huweza kueleza ni kitu gani walichokisifu. Mgeni apitaye katika njia za Mji Mkongwe wa Bagamoyo, akasimama mbele ya mlango wa nakshi uliowekwa katika zama za biashara ya pembe za ndovu, hutikisa kichwa, huuliza ungeuzwa kwa kiasi gani lau ungeuzwa, kisha hupiga picha na kwenda zake. Na mwenyeji aliyezaliwa mtaa ule ule, ambaye ameupita mlango huo tangu utoto wake akienda chuoni na sokoni, hulijibu swali la bei kwa fahari, kama kwamba kima kile ni sifa yake mwenyewe. Wote wawili wamestaajabu, na mastaajabu yao ni ya kweli. Ninalotaka kuuliza ni kama mastaajabu hayo yamekifikia kitu chenyewe, au yameishia njiani, katika bei na katika maua ya nakshi, kabla ya kuifikia kazi.

Mlango wa pwani una sehemu iliyo dhahiri na sehemu iliyofichika. Nakshi zimo katika miimo, katika kizingiti cha juu na katika mfaa, yaani ule mti wa katikati unaofunika mwanya baina ya vipande viwili vya mlango. Humo fundi alichora na kuchimba minyororo, mawimbi, samaki, maua na matawi ya mtende, na pengine juu ya kizingiti akaandika aya ya Kurani au mwaka wa kujengwa kwa nyumba. Lakini vipande vyenyewe, vile vinavyofunguka na kufungika, aghalabu havina nakshi, vimepambwa kwa misumari ya shaba tu, na kwa upande wa ndani, asikotazama mpita njia, mbao zake zimeshikanishwa kwa mataruma yaliyopigwa kukingama. Wala havikutiwa bawaba. Kila kipande kina ncha juu na ncha chini, zimechongwa katika mwili wa ubao wenyewe, nazo huzunguka ndani ya matundu yaliyochimbwa katika vizingiti viwili. Uzito wote wa mbambakofi au wa msaji umesimama juu ya ncha ile ya chini kwa zaidi ya miaka 100, ukifunguliwa alfajiri na kufungwa usiku. Na lau ncha ile ingalichongwa kwa uzembe, mlango ungaliinama, ungalisugua sakafu, na nakshi zote za miimo zisingalifaa kitu. Aliyeusifu mlango kwa maua yake amesifu kweli, lakini amesifu lile ambalo fundi alijua kuwa litatazamwa. Liko jingine ambalo fundi alilifanya ilhali akijua kuwa halitatazamwa na mtu, na hilo ndilo ninalolitafuta.

Tena mti haukubali kufa mara moja. Seremala ajuaye kazi hujua kuwa ubao uliokwisha kupasuliwa, kurandwa na kutiwa mafuta bado huvuta na kutoa unyevu wa hewa, na kwamba hupungua na kuongezeka kwa upana, si kwa urefu. Hujua pia kuwa ubao uliopasuliwa kwa kufuata mzunguko wa pete za mti hupungua karibu mara mbili kuliko ule uliopasuliwa kutoka kiini kwenda gome. Katika pwani yetu, ambapo kaskazi hukausha na masika hulowesha, mtoto wa meza aliyekuwa akiteleza mwezi wa Februari hukwama mwezi wa Aprili. Fundi mzembe huukaza ubao kwa misumari na gundi kila upande akidhani ameushinda, na baada ya misimu michache ubao hujipasua kwa nguvu zake wenyewe, maana umenyimwa nafasi. Fundi mahiri huutia ubao mpana wa kabati ndani ya mfereji aliouchimba katika fremu, bila gundi, ili uvute na kuachia humo ndani pasipo mtu kuona. Nalihesabu jambo hili kuwa moyo wa sanaa yote ya mbao. Ustadi ulio mkubwa kabisa umo katika kuuachia mti nafasi yake, na nafasi hiyo haionekani na mnunuzi, haitajwi katika bei, wala haiwezi kuthibitishwa siku ya kuuza. Mwenye kutaka kuipuuza huipuuza, na hakuna atakayejua mpaka fedha ziwe zimekwisha kuliwa.

Fauka ya hayo, kila mti una tabia yake, na fundi hukutana nayo mbele ya patasi. Mninga hutoa utomvu mwekundu kama damu ukikatwa, na mbao zake zikikauka hutulia, hazipindi sana, ndiyo maana vitanda na meza nyingi za heshima katika nchi hii ni za mninga. Mvule huhimili mchwa, lakini mara nyingine huficha ndani yake chokaa iliyoganda kuwa jiwe, na msumeno ulionolewa asubuhi hupoteza meno katika jiwe hilo kabla ya adhuhuri. Mpingo ni mzito hata huzama majini. Hukua kwa taratibu ya miongo mingi, na moyo wake mweusi hukerezwa kuwa zumari na klarineti za wanamuziki wa Ulaya. Mwenye kuyasikia mambo haya kwa masikio amepata habari, na habari ni jambo jema. Mwenye kuyapata kwa mkono, akausikia ubao unavyokataa randa ikisukumwa kinyume cha nyuzi zake na unavyokubali ikigeuzwa, huyo amepata elimu ya namna nyingine, na nadhani ni elimu ambayo haiwezi kuhamishwa kwa maneno, hata kwa maneno haya.

Wazee wa hekima hawakuidharau elimu hiyo. Ibn Khaldun, katika Mukadima aliyoiandika mwaka 1377, aliupa useremala fasili yake miongoni mwa fasili za sanaa, akakumbusha mapokezi ya kwamba Nabii Nuhu ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza, kisha akasema jambo la kutafakari: kwamba kuutia umbo mti usio na umbo kunataka ujuzi wa uwiano na vipimo, na kwa sababu hiyo mabingwa wa jometri wa Kiyunani, Euclid miongoni mwao, walikuwa maseremala. Hadithi sahihi yatwambia kuwa Nabii Zakaria naye alikuwa seremala, na Wakristo wa mwambao huu wanamjua Yusufu kwa kazi hiyo hiyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 na kuwakusanya watu waliokombolewa utumwani, miongoni mwa mambo waliyowafunza ni ufundi wa mikono, useremala ukiwamo. Sitaji haya kwa kutaka kuipamba kazi kwa majina makubwa. Nayataja kwa kuwa yanaelekea upande mmoja: kwamba kazi ya mbao ni fikira, na kwamba fikira hiyo hukaa mkononi kabla ya kupanda kichwani.

Sasa tuje kwenye ughali, ambao ndio unaotatiza zaidi. Hakuna samani ya Kiswahili iliyo maarufu kuliko kiti cha enzi, kile kiti kirefu cha mpingo chenye mgongo ulionyooka, chenye njumu za pembe au mfupa, na kilichosukwa kwa kamba katika kikalio na mgongo, kilichokuwa kikiwekwa katika nyumba za mabwana wa Lamu, Pate na Siyu kwa ajili ya mgeni wa daraja. Kiti hicho hakikufanywa kwa raha ya mwili. Mgongo wake wima humlazimisha mkaaji akae kwa taadhima. Kilifanywa ili kitenge: huyu hukaa hapa, na yule hukaa mkekani. Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja, katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886, alisimulia juu ya vitanda vya Kihindi vya nyumba za Unguja, vya mbao za thamani na nakshi, vilivyoinuka juu hata mtu akahitaji kupandia kiti au kusaidiwa na mkono wa mtumishi. Kitanda cha namna hiyo kilikuwa na kazi zaidi ya usingizi. Ughali wa samani hizo ulikuwa ukuta, na nakshi zilikuwa maandishi juu ya ukuta huo.

Wala haifai kunyamaza juu ya mahali zilikotoka. Pembe zilizokatwa kuwa njumu zilishuka pwani juu ya mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kwa njia zilizoishia Bagamoyo na Saadani na bandari nyingine za Mrima; na miongoni mwa mafundi wa miji ya pwani walikuwamo watumwa, waliochonga kwa amri na ambao ujira wao, ukipatikana, ulikuwa na mshirika asiyeshika patasi. Nakumbuka hili kila nitazamapo njumu, na sioni kuwa uzuri wa kiti unaisafisha dhuluma hiyo, wala sioni kuwa dhuluma hiyo inaufuta uzuri wa mkono ulioitenda kazi. Jambo linalonihuzunisha zaidi ni la majina. Jina la mwenye mlango tunalo katika miji mingi. Watu husema huu ni mlango wa nyumba ya fulani, na kile ni kiti cha bwana fulani. Jina la aliyechonga halimo. Sifa ilimwendea mwenye mali, kwa sababu waliosifu walikuwa wakijua kuhesabu mali na hawakuwa wakijua kusoma kazi.

Hapa ndipo ninapoliona swali la falsafa lililo ndani ya jambo hili. Kustahi si sawa na kutamani. Anayetamani kitu hukivuta kwake, na akikipata hukoma kukitazama. Anayestahi hukiacha mahali pake na kukitazama zaidi. Lakini hata kustahi kunataka ushahidi, na ushahidi unataka ujuzi, maana shahidi asiyejua alichokiona hana cha kueleza mbele ya kadhi. Basi, ni nani awezaye kuwa shahidi mwadilifu wa kazi ya seremala? Tajiri aliyeinunua anaijua bei. Mwanachuoni anaijua tarehe na asili ya nakshi. Fundi mwenzake anaijua kazi, ila mara nyingi ana maslahi ndani yake, maana ni mshindani. Amebaki mmoja asiyetajwa, na kwa maoni yangu huyo ndiye anayestahili kutajwa: mtu wa ridhaa, asiyekula kwa useremala, mwalimu au mvuvi au karani, ambaye jioni hushika msumeno na randa nyuma ya nyumba yake kwa sababu tu anataka kujua.

Mtazame mtu huyo anapotengeneza mbuzi ya kukunia nazi. Ni kifaa kidogo, hakuna jiko la pwani lisilokuwa nacho, na hakuna anayekihesabu kuwa samani. Hata hivyo, mbao zake mbili zinapaswa kupishana na kushikana ili kikunjwe na kukunjuliwa, kikalio kiwe kipana cha kumstahimili mkaaji, na chuma chenye meno kikae mbele bila kuyumba wakati mkunaji anapoelemea kwa nguvu zake zote. Mtu wa ridhaa hupima, hukata, na kugundua kuwa upana wa meno ya msumeno umekula sehemu ya kipimo. Hukata tena, na kugundua kuwa tundu lililopendeza kwa macho halijanyooka kwa timazi. Huchukua patasi akaondoa unyoya mmoja wa mti, kisha mwingine, na wa tatu ndio unaolegeza kila kitu. Katika saa hizo chache amejifunza jambo ambalo tajiri mwenye samadari kumi hakupata kulijua: kwamba baina ya kazi nzuri na kazi iliyoharibika hakuna ukuta, mna unyoya mmoja wa mti tu, na kwamba fundi wa kweli hutembea juu ya mpaka huo mchana kutwa bila kuteleza. David Pye, Mwingereza aliyefundisha usanifu wa samani London, aliandika mwaka 1968 kuwa thamani ya kazi ya mkono imo katika hatari hiyo: matokeo hayakuhakikishwa na mashine, bali yanategemea kila dakika uamuzi, wepesi wa mkono na uangalifu wa mtendaji. Naliafiki neno lake, ila ningeongeza kuwa hatari hiyo haionekani katika kitu kilichokwisha kukamilika. Kiti kizuri hakionyeshi alama ya hofu iliyokipita. Aonaye hofu hiyo ni yule tu aliyeipata mwenyewe.

Huenda mtu akanipinga, akasema kuwa msikilizaji wa taarabu hahitaji kujua kupiga kanuni ili apendezwe, na kwamba kwa kipimo changu uzuri utakuwa mali ya wachache wenye vifaa. Pingamizi hili lina haki ndani yake. Sikatai kwamba uzuri humwingia kila mwenye macho, na Mwenyezi Mungu hakuweka sharti la patasi katika kupendezwa. Lakini kupendezwa ni mwanzo wa kustahi, na kuna mambo ambayo hayapendezi macho kabisa na bado yanastahili kustahiwa. Mfereji ule ulioficha ubao wa kabati haupendezi, hauonekani. Ncha ya mlango haipendezi. Utulivu wa mbao zilizokaushwa miezi mingi kabla ya kukatwa hauna sura. Bila ya elimu ya mkono, mambo haya hayapo machoni mwa mtu, na kisichokuwapo machoni mwa wanunuzi hakikawii kutoweka mikononi mwa mafundi.

Na hili halikai katika fikira tu, linatembea barabarani. Nenda Keko, Dar es Salaam, mahali ambapo kwa miaka mingi maseremala wamefanya kazi na kuuza kazi zao kando ya njia, usikilize mnunuzi na fundi wakivutana juu ya kitanda. Mnunuzi hutaja bei ya kitanda kingine alichokiona dukani, kilichokuja kwa meli, cha vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa gundi na kufunikwa karatasi yenye picha ya mbao. Au hutaja kile cha msonobari wa Sao Hill kilichopakwa rangi ya mninga. Vitu hivi vina mahali pake, na mwenye fedha kidogo hana kosa kuvinunua. Lakini fundi aliyetumia mninga mkavu, aliyechonga ulimi na tundu badala ya kupiga misumari mitupu, hana hoja ya kujitetea mbele ya mtu huyo, kwa sababu kila alichokifanya zaidi kimo ndani ya kiungo, na kiungo kimefungwa. Akishusha bei atafidia hasara kwa kuacha ulimi na kurudi kwenye msumari. Kwa njia hii ujinga wa mnunuzi hugeuka kuwa uzembe wa fundi, na kila mmoja humlaumu mwenziwe, ilhali kilichokosekana baina yao ni ushahidi.

Ndiyo maana, nikiwatafuta watu wa ridhaa wa kuushika ushahidi huo, naitazama Saadani kwa namna ya pekee. Kijiji hiki hakina wingi wa milango ya fahari kama Bagamoyo. Kilikuwa bandari ya misafara na ngome ya Bwana Heri, kiongozi wake aliyewapinga Wajerumani, na mwaka 1889 kilipigwa kwa mizinga na kutekwa nao. Leo, baina ya kijiji na nchi ya bara, imekaa Hifadhi ya Taifa iliyotangazwa mwaka 2005, ambayo mipaka yake inafika baharini na ndani yake umo msitu wa Zaraninge. Watu wa Saadani, wavuvi wa kamba na samaki, wanaishi jirani na miti mizuri wasiyoruhusiwa kuikata, na mikoko ya mlango wa mto Wami nayo inalindwa. Naiunga mkono hifadhi hiyo kwa moyo wote, kwa kuwa mti wa msitu wa pwani ukishakatwa haurudi katika umri wa aliyeukata wala wa mwanawe. Lakini mtu asidhani kuwa katazo hilo limeondoa useremala katika nchi hii. Mwembe uliozeeka, ambao mbao zake zimefanya mitumbwi ya pwani tangu zamani; mfenesi, ambao Unguja ulitumiwa hata kwa milango; mkorosho uliokoma kuzaa; na mnazi, mgumu upande wa nje na mlaini kiini, unaodhoofisha makali ya kila chuma: hii yote imo uani na mashambani, na inatosha kabisa kwa mtu wa ridhaa, ambaye hahitaji gogo la kujengea jahazi. Anahitaji ubao wa urefu wa mkono, randa iliyonolewa, na majira ya jioni.

Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule zisiwatenge watoto na kazi ya mikono, na shule nyingi zikapata karakana na bustani. Nafikiri sababu iliyotajwa sana, ya kuzalisha mali, haikuwa sababu iliyo bora kupita zote. Mtoto aliyechonga kigoda katika darasa la stadi za kazi huenda asichonge kingine maishani mwake; akawa nesi, akawa dereva, akawa mbunge. Hata hivyo, siku moja atahitaji kitanda au meza, na atakapofika kwa fundi hataanza kwa kuuliza bei. Atauliza mbao zimekaushwa wapi na kwa muda gani. Atakipindua kiti na kukitazama chini, atapitisha kidole mahali ambapo mguu umeingia katika fremu, ataitikisa meza kwa pembe, kisha atakaa kimya kidogo kabla ya kutaja kiasi anachoweza kulipa. Na kiasi hicho, hata kikiwa pungufu ya kile alichoombwa, kitatajwa na mtu anayejua anacholipia. Na fundi akijua kuwa mtaani mwake wamo watu kumi wa namna hiyo, anayo sababu ya kuziacha mbao zake za mninga zikauke miezi sita mingine kabla ya kuzikata.